Kutoka Urambo Hadi Pwani

Imezoeleka katika nchi yetu kudhani kwamba matembezi ya likizo ni mambo ya wageni watokao Ulaya na Marekani, na ya matajiri wa mijini wapendao kufanana nao. Mtu wa Urambo asemapo kwamba anasafiri, huulizwa papo hapo kama kuna msiba. Asipokuwa na msiba huulizwa kama ana mgonjwa, na asipokuwa na mgonjwa huulizwa kama ana kesi. Ikiwa si moja katika hayo matatu, basi watu humtazama kwa jicho la huruma, kama mtu aliyepata fedha asijue la kuzifanyia. Nami naandika haya kuwaonyesha ndugu zangu Waislamu, hasa wenye nyumba na watoto, kwamba safari ya namna hiyo yaweza kupangwa na mtu wa kipato cha kawaida, wala haimtoi katika adabu ya dini yake. Na tena kwamba katika kuipanga huweza kufunguka mlango ambao nyumba nzima ilikuwa ikiupita kimya kimya kwa miaka mingi. Kwetu umefunguka.

Dini yetu haikuja kumfungia mtu nyumbani. Katika Kurani Tukufu, mathalan katika Sura ya Ankabut, Mwenyezi Mungu atuamrisha tutembee katika ardhi tutazame alivyoanza kuumba; na mahali pengi pengine atuhimiza tutembee tukaone jinsi ulivyokuwa mwisho wa watu waliotutangulia. Amri hizo mbili, ukizifikiri vizuri, ndizo matembezi yenyewe: kutazama viumbe, na kutazama athari za wanadamu. Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja, alipofika Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331, hakuja kutafuta pembe wala dhahabu. Alikuja kuona, akaona, akasimulia, na leo twazijua habari za ucha Mungu wa watu wa Mombasa na misikiti yao ya mbao kwa sababu ya miguu yake. Na watoto wetu hapa Urambo huihifadhi Sura ya Ndovu kabla ya kung'oa meno ya utotoni, ilhali ndovu mwenyewe hawajamwona ila katika picha ya simu. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka saba, aliniuliza kama ndovu wa Abraha alikuwa mkubwa kuliko lori la kubebea tumbaku. Sikupenda kumjibu kwa maneno matupu.

Zaidi ya hayo, sisi watu wa Unyamwezi ndio wa mwisho wanaopaswa kuiona safari ya pwani kuwa jambo geni. Babu zetu waliifanya kwa miguu. Katika karne ya 19 mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, wa pembe akishuka na wa nguo au shanga akipanda, juu yake akaongeza chakula chake na mkeka wake, akatembea yapata miezi mitatu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Wengi wa wapagazi hao hawakuwa watumwa, bali watu huru wa kazi ya ujira, na kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa kuwa bado mtoto. Waliondoka kiangazi, mavuno yakiisha, wakajitahidi kurejea kabla ya mvua za kupandia. Njiani waliona nyika yenye tembo na simba, wakaona miji, wakaona bahari. Basi ile safari ya mji, wanyama na pwani kwa pamoja, ambayo makampuni ya utalii huwauzia wageni kwa dola, ndiyo ile ile ya mpagazi wa Kinyamwezi. Ila yeye alilipwa kwa kuifanya, na mtalii hulipa.

Nasi tumeuchagua wakati wao, yaani mwezi wa Julai. Mahindi yamekwisha kuingia ghalani, mto Ugalla umepungua, na barabara za porini zapitika. Sisi ni watu sita: mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama yangu mzazi, ambaye umri wake wakaribia miaka 80 na ambaye hajapata kuvuka Dodoma. Mimi ni mkulima na mfuga nyuki. Fedha tumezikusanya kwa misimu miwili ya asali, wala hatukukopa hata shilingi moja. Nalitaja hili makusudi, maana nimeona watu wakikopa kwa riba ili wakafurahi siku tano, kisha wakahuzunika miaka miwili. Likizo si faradhi. Asiye na uwezo wa kufika pwani na aende Tabora akarudi, naye pia atakuwa ametembea.

Tulipokaa jioni kupanga, kila mmoja alikuwa na safari yake kichwani. Binti yangu mkubwa, aliye kidato cha tatu, alitaka Serengeti na fukwe za Unguja. Mdogo wake alitaka simba, na popote pasipo simba kwake hapakuwa safari. Mke wangu alitaka kwanza kujua nani atalisha kuku. Mama alikaa kimya na tasbihi yake, nasi tukadhani ameridhika.

Serengeti tuliiondoa mapema, kwa kuwa gharama yake ingemeza yote yaliyobaki, na tena kwa kuwa tuna mbuga yetu wenyewe mlangoni. Wengi wa wasomaji wa mbali hawajui kwamba Pori la Akiba la Ugalla, lililotengwa mwaka 1965, liligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019, na kwamba sehemu yake imo katika wilaya yetu ya Urambo. Eneo lake lapita kilomita za mraba 3,800. Ni nchi ya miombo, si uwanda wa majani kama Serengeti, na mtu anayetaka kuona makundi ya nyumbu elfu kwa elfu hatayaona. Huko kuna palahala na korongo, wanyama wenye pembe za fahari wapendao misitu ya namna hii, na kiangazi mto unapokatika ukawa madimbwi, viboko hujazana humo kama ng'ombe zizini, na mamba hulala kando wakingoja. Maji ya Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mwana wa Urambo akitazama mto ule ajue kwamba anatazama maji yaendayo Kigoma, si yaendayo Bahari ya Hindi.

Shida ya Ugalla ni usafiri. Hakuna basi liingialo hifadhini, na gari la kukodi kwa nyumba moja ni ghali. Hivyo tumeungana na nyumba mbili za majirani, tukakodi gari moja kubwa lenye magurudumu yanayovuta yote manne, kwa siku moja ya kuingia na kutoka. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kukilinganisha na cha mgeni, lakini yapasa kuchukua kitambulisho cha taifa, la sivyo hutaaminiwa kwa sura yako. Nguo ziwe za rangi ya mchanga au ya majani makavu, maana ndorobo hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Wenye mabuibui wasikilize hilo. Nao watoto waambiwe mapema, si wakiwa tayari mbele ya mnyama, kwamba hakuna kushuka garini, hakuna kupiga kelele, wala hakuna kumtupia mnyama chakula.

Kuhusu tembo, nimewaambia wanangu ukweli ili wasitarajie kuwaona wamejipanga. Hesabu iliyofanywa kwa ndege ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2014 walikuwa wamebaki wapatao 43,000. Katika miaka mitano tu! Na hayo yalitendeka wakati biashara ya pembe ilikuwa imekwisha pigwa marufuku duniani tangu 1989. Pembe ndiyo iliyoijenga Tabora, na pembe ndiyo iliyowamaliza ndovu wa misitu yetu katika karne ya 19 hata wafanyabiashara wakalazimika kuvuka ziwa kuzifuata Manyema. Huko Ulaya na Marekani pembe zile zilichongwa vibao vya kinanda na mipira ya mchezo wa biliadi.

Hapo ndipo tulipofika Tabora katika mpango wetu, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Tabora ni mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka kwetu, na mwenye siku mbili anayo mengi ya kuona. Mji huo, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kazeh, ulifikiwa na Waingereza Burton na Speke mwaka 1857, wakakuta Waarabu wamekwisha kaa na kujenga. Kuna boma la Wajerumani, ambalo hutazamwa kwa nje tu. Kuna habari ya mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwezi wa Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na Wajerumani, aliwasha baruti iliyokuwa ndani kuliko kuwapa mikono yake waifunge. Kuna shule ya Tabora aliyosoma Mwalimu Nyerere, na katika mji huo huo TANU ilikutana Januari 1958 ikaamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Kuna miembe. Na nje kidogo ya mji, Kwihara, kuna tembe aliyokaa Livingstone pamoja na Stanley mapema mwaka 1872, baada ya kukutana kwao Ujiji. Leo ni nyumba ya makumbusho, na humo hueleza pia habari za misafara na za utumwa. Kwihara ni mojawapo ya vituo sita vya njia ya kati ya watumwa na pembe ambavyo Tanzania iliviandikisha mwaka 2006 katika orodha ya kungojea urithi wa dunia. Vingine ni Ujiji, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya na Bagamoyo.

Nilipotaja Kwihara, mama aliweka tasbihi chini.

"Mwanangu," akasema, "Tabora naijua. Kwihara sina haja nako. Mtu hapelekwi na mwanawe kutazama mahali walipouzwa watu wake."

Wanangu hawakuwa wamepata kuyasikia hayo. Mimi nilikuwa nikiyajua kwa vipande vipande, kama wengi tunavyoyajua yetu. Bibi yake mama, mzaa mama yake, hakuzaliwa Unyamwezi. Aliletwa kutoka Manyema akiwa msichana mdogo, karibu na mwisho wa biashara ile, akaachwa Tabora katika nyumba ya mtu kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kuendelea kwenda pwani. Humo akakua, humo akasilimu, na humo akazaa. Sheria ya Wajerumani iliwahesabu kuwa huru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905, na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 ikauondoa utumwa wenyewe katika Tanganyika. Lakini hakuna sheria iliyowahi kuviondoa vinywa vya watu. Mama asema alipokuwa msichana alipigwa kwa jina hilo kisimani, akajifunza kunyamaza.

Mjomba wangu alipopata habari kwamba jambo limesemwa mbele ya watoto alikuja siku ya pili asubuhi, akakataa hata chai. Hoja yake ilikuwa moja, nayo si ndogo. Binti yangu atakuja kuposwa. Wako watu katika jamii yetu, tangu pwani hata bara, ambao hulichukua suala la kafaa katika vitabu vya fikihi wakalifanya fimbo ya kuwapigia wajukuu na vitukuu vya watu waliotekwa, ingawa katika nchi hii sasa hakuna mtumwa wala bwana wa mtumwa. "Waache wafikirie ni Wanyamwezi tangu asili," akasema mjomba, "na iwe basi." Ni mtu mwenye mapenzi na sisi, wala simlaumu.

Walakini binti mwenyewe ndiye aliyeleta neno zito kuliko la mjomba. Alimwendea bibi yake akapiga magoti, akamuuliza: "Bibi, hao wenye nyumba zile za Kwihara, waliomnunua bibi yako, walikuwa Waislamu kama sisi?" Kisha akatueleza kwamba shuleni mwenzake alimwambia kuwa Uislamu uliingia bara kwa minyororo, na yeye hakuwa na jibu, na kwamba tangu siku hiyo huwa akisali na neno lile li mbele yake.

Hapa, mpenzi msomaji, ndipo nilipoona kwamba hatupangi likizo tena. Kijana aweza kuipoteza imani yake kwa sababu ya swali dogo ambalo wazee wake waliona haya kulijibu, na akaenda kujibiwa na watu wengine.

Nilimjibu kadiri ya elimu yangu. Nikasema: Ndiyo, wengi wao walikuwa na majina kama yetu na waliswali kama tunavyoswali. Baba yake Tippu Tip alikaa hapa Unyanyembe, na Tippu Tip mwenyewe, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alipita njia hii na bunduki zake. Hayo hatuwezi kuyafuta, na anayeyafuta amdanganya mtoto wake, naye mtoto atakuja kulijua. Lakini dini iliwapa nini watu wale? Iliwapa zaka yenye fungu la kuwakomboa watumwa, ikawapa kafara ya kiapo na ya kuua kwa makosa ambayo mojawapo ni kumwacha mtu huru, ikawapa Bilal, aliyekuwa mtumwa akakombolewa na Sayyidna Abubakari, akawa mwadhini wa kwanza. Haikuwapa ruhusa ya kuchoma vijiji vya watu waliolala ili kubeba watoto wao. Aliyefanya hivyo alifanya kwa tamaa ya mali, na jina lake zuri halikumtakasa.

Tena nikamwambia kwamba asidhani shutuma ni ya watu wa kabila moja. Watumwa walitakiwa na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Pembe zilitakiwa na Wazungu. Nguo ya merikani iliyonunuliwa kwazo ilitoka viwanda vya Marekani. Na huku bara watemi wetu wenyewe walikuwa na mkono wao. Mtemi Mirambo, ambaye sisi wa Urambo twajivunia jina lake na ambaye aliwatia Waarabu wa Tabora katika vita kuanzia 1871, alipigania njia na ushuru wake; naye alikuwa na watumwa na rugaruga mpaka alipofariki mwaka 1884. Nampenda Mirambo, nami nalisema hili nikimpenda.

Binti hakusema kitu. Mama naye hakusema kitu kwa siku tatu, nami nikaanza kuufikiria mpango wa kwenda moja kwa moja stesheni bila ya kukaa Tabora.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, mama aliniita akaniuliza kama Bagamoyo imo katika safari. Nikamwambia imo. Akaniuliza kama nazijua habari za Sheikh Ramiya. Yeye alizisikia kwa akina mama wa twarika ya Kadiria, zamani, katika maulidi. Kwa wasiozijua: Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Ramiya, alizaliwa upande huo huo wa Manyema, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafikishwa Bagamoyo akaingia katika nyumba ya bwana mmoja wa ukoo wa Lamki. Humo alisoma. Akaendelea kusoma mpaka akawa mwalimu, akawa khalifa wa Kadiria, na wana wa mabwana wakaja kukaa mbele yake juu ya mkeka kufundishwa. Alifariki mwaka 1931, na mji ule hadi leo humtaja kwa heshima. Sitaingia hapa katika mabishano ya ziara na maulidi, ambayo wasomaji wa gazeti hili wanayajua na kila mmoja ana shekhe wake. Natazama jambo moja tu: mtoto aliyeipita njia yetu akiwa bidhaa alikuja kuwa mwalimu wa mji uliompokea.

"Basi," akasema mama, "bibi yangu angeliweza kutembea, angelifika kule kule. Nami nitafika. Na Kwihara tutapita, baba, lakini asiwaeleze wanangu mtu mwingine. Nitawaeleza mimi."

Mjomba ameambiwa. Amesema mama ni mkubwa wake na hana la kuongeza, isipokuwa anaomba aletewe tende za Unguja. Kuhusu posa, mke wangu amesema neno ambalo nimeliafiki: mchumba atakayerudi nyuma kwa sababu ya mwanamke aliyetekwa kabla ya reli haijajengwa, na arudi.

Basi mpango wetu sasa ni huu. Siku ya kwanza na ya pili ni Ugalla na kurudi, kwa kuwa ni karibu na gari ni la ushirika. Siku ya tatu tutapumzika na kufua. Siku ya nne twaenda Tabora kwa basi asubuhi, na Kwihara alasiri jua likipungua. Tutalala huko siku mbili. Kutoka Tabora kuna njia mbili za kushuka: garimoshi la zamani, ambalo reli yake ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, au basi la barabarani kwa kupitia Manyoni hadi Dodoma. Garimoshi halipiti kila siku nalo lina desturi ya kuchelewa, lakini lapita karibu na njia ya misafara, na mama ataweza kunyoosha miguu. Tumelichagua hilo hadi Dodoma. Kuanzia Dodoma tutapanda treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, na ambayo kwa saa chache humaliza mwendo uliowachukua wapagazi wiki nyingi.

Katika Dar es Salaam tutakaa siku moja tu, kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa na ya kumwonyesha mwanangu meli. Wengine huupenda sana mji ule. Mimi joto na kelele zake hunishinda. Bagamoyo tutakaa siku mbili, na humo tutakwenda Kaole, kilomita chache kusini, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe. Tafadhali, anayekwenda huko awafundishe wanawe kuwatolea salamu waliolala pale kabla ya kutoa simu za kupiga picha. Kisha Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam. Mwezi wa Julai ni wakati wa kusi na bahari huchafuka, kwa hiyo asiyezoea asile sana kabla ya kupanda, na akae katikati ya chombo, si mbele. Huko tutaona Mji Mkongwe, na mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, katika zama za Sayyid Barghash. Jumba la Beit al-Ajaib, ambalo watoto walilitamani kwa picha, liliporomoka upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Tutakwenda Jozani kuwaona kima punju, ambao asili yao ni visiwani humo peke yake, na Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Nimetamani kusali rakaa mbili ndani yake tangu nikiwa mwanafunzi wa chuoni. Fukwe nazo zipo, na binti hatanyimwa bahari. Tumetafuta nyumba ya wageni isiyouza pombe, katika kijiji cha wavuvi. Zipo, lakini lazima uulize kabla ya kulipa, wala usione haya kuuliza.

Kuhusu sala, nimemuuliza shekhe wetu ili nisije nikababaisha. Safari ya kwenda Tabora imepita kadiri ya marhala mbili, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafi huhesabiwa kuwa kilomita 80 na kitu; kwa hiyo msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Mahali ambapo ametia nia ya kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hutimiza kama mkazi. Ndiyo maana Unguja, tutakakokaa siku tano, tutasali kamili. Katika treni ni vizuri kuzikusanya sala kabla ya kupanda au baada ya kushuka, kwani kusimama na kuelekea kibla katika gari linalokwenda ni shida. Kibla chenyewe, kwetu Urambo ni kaskazini kwa kuinamia mashariki kidogo, na Unguja ni kaskazini hasa. Na wanavyuoni wa Kishafii humkataza mtu mwenye kulazimika na Ijumaa kutoka mjini mwake baada ya alfajiri ya siku hiyo, isipokuwa akiwa na hakika ya kuiwahi njiani. Tumeondoka katika hesabu za Ijumaa kwa kuanza safari Jumamosi.

Kuku watalishwa na jirani, ambaye mwakani zamu itakuwa yake na kuku wake watakuja kwetu.

Mama amekwisha funga mzigo wake ingawa zimebaki wiki mbili. Ni mfuko mmoja tu: kanga mbili, msala, dawa zake, chupa ya asali atakayomzawadia yeyote atakayempokea vizuri Bagamoyo, na michembe kilo mbili, maana amesikia kwamba watu wa pwani hula wali asubuhi, mchana na jioni, na yeye hana hakika kama tumbo lake litakubali.